"Shika" na "shuka" hazifai mlimani: maneno ya waendesha kwadi

SWALI: Mzee, habari za kazi. Nina miaka 22, nimelelewa kambini kwa kuwa baba alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili ndicho lugha yangu. Nimeendesha bodaboda Jinja miaka 3, na sasa nimepata kazi ya kuongoza wageni kwenye kwadi, zile mashine za magurudumu 4 za kupandia njia mbovu, upande wa Bujagali. Wageni wanaoujua mchezo huu wanatumia maneno yanayonipita. Nimeyaandika nilivyoyasikia: rusti, wupsi, bemu, holishoti, hai-senta, lupu auti, swipi, wiski throto, thampa, brapu. Wiki iliyopita mmoja alimpigia mwenzake kelele "pini iti!" Mimi nikasikia "pinda", nikanyoosha mkono kuonyesha kushoto. Yule mwenzake akafyatuka moja kwa moja mpaka ndani ya miwa. Hakuumia. Naomba unieleze maneno haya, na pia niwaambie nini wageni wanaojua Kiswahili, maana wengi wanavuka Busia na Malaba wakitoka Nairobi na Mombasa.

JIBU: Mdogo wangu, nimefurahi umeuliza mapema, na nimefurahi zaidi kwamba yule mgeni alitoka kwenye miwa mzima. Nianze na neno lililomtupa huko.

"Pini iti" maana yake ni bonyeza mafuta mpaka mwisho na usiachie, kana kwamba kibonyezo kimepigiliwa msumari kisirudi. Ni lugha ya viwanja vya mashindano. Pale stejini kwenu kwa boda mngesema "mpe zote". Mgeni wako alimwambia mwenzake ampe zote, wewe ukaonyesha kushoto, na mtu aliyevaa helmeti akiwa na hofu hutii sauti aliyoisikia kabla ya mkono aliouona.

Mimi yalinikuta makubwa kuliko hayo, na neno lenyewe lilikuwa Kiswahili safi. Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza, mgeni mmoja wa Mombasa alikwama katikati ya mwinuko baada ya mvua. Kwadi ilisimama, kisha ikaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Nilikuwa chini yake, kama hatua 15. Nikapiga kelele, "Shuka! Shuka!" nikitaka aruke upande wa juu aiache mashine iende zake. Yeye, helmeti masikioni na injini ikinguruma, alisikia "Shika!" Akashika. Vidole vyote vya mkono wa kulia vikakaza usukani, na kimojawapo ni kidole gumba, ambacho kwenye kwadi ndicho kinachotoa mafuta. Pua ikanyanyuka, mashine ikasimama wima, ikapinduka chali. Aliponea kwa kuwa aliteleza pembeni kabla haijamwangukia, lakini bega lilitenguka. Nilikaa naye kwenye majani tukisubiri gari, nikiyarudia maneno yale mawili kimoyomoyo: shika, shuka. Herufi moja tu.

Tangu siku ile, nikiwa kazini sitamki "shika" wala "shuka". Nasema "Breki!" na nasema "Toka!" Yakipita kwenye helmeti hayafanani hata kidogo. Na neno ninalolitumia kuliko yote ni "Achia gumba!" Zamani nilijaribu kusema "gumba juu", nikaliacha, kwa sababu gumba juu ni ishara ya kwamba mambo ni sawa. Nilikuwa nampigia mtu kelele za hatari naye ananiinulia dole.

Kwa hiyo nitakueleza maneno ya wageni moja baada ya jingine, ila mengi ni ya kuelewa tu. Ya kuwapigia wageni kelele ni mengine, na lazima yachaguliwe kwa kuangalia mtu aliyeogopa atafanya nini akiyasikia.

Ujue kwanza yametoka wapi, itakusaidia. Honda walitoa chombo cha magurudumu 3 chenye matairi manene kama maputo mwaka 1970, kikauzwa sana Marekani. Kilikuwa kinapinduka kwa urahisi mno, watoto wengi wakaumia na wengine wakafa, na mwaka 1988 watengenezaji wakafikia makubaliano na serikali ya Marekani ya kuacha kuviuza vile vya magurudumu 3. Suzuki walikuwa wameshatoa kile cha magurudumu 4, QuadRunner LT125, mwaka 1982, na hicho ndicho babu wa hizi unazoziongoza. Waliovipanda wengi walitoka kwenye mashindano ya pikipiki za matope na kwenye vilima vya mchanga wa jangwani, wakaja na maneno yao. Ndiyo maana utasikia mgeni akiuliza kama mna matairi ya "pado". Ni matairi yenye makafi kama ya mtumbwi, ya kupigia mchanga. Kwenye murram ya Jinja hayana kazi.

"Wiski throto" ni hali ya kutoa mafuta bila kukusudia. Kwenye piki yako ya Boxer unaijua: abiria mzito anapanda ghafla, mwili unavutwa nyuma, kiganja kinazunguka nao, piki inaruka. Kwenye kwadi mafuta hayazungushwi, yanabonyezwa kwa gumba, na wengi hudhani hatari hiyo imeisha. Haijaisha. Mtu akivutwa nyuma hukaza vidole ajishikilie, na gumba hukaza pamoja na wenzake. Kadiri mashine inavyoruka ndivyo anavyokaza. Hicho ndicho kilichompata mgeni wangu wa Mombasa. Dawa ni "Achia gumba!", na hulipigi kelele mara moja. Lirudie mpaka uone gumba limetoka.

"Lupu auti" ni kupinduka kinyumenyume, na jirani yake ni "endo", kupinduka kwa mbele. Hapa Kiswahili kinawashinda wageni wote, maana tuna chali na kifudifudi, na kila mtoto anayajua. Waambie wageni wako: mkipanda mnaogopa chali, kwa hiyo kifua kinaenda mbele juu ya usukani, mkiteremka mnaogopa kifudifudi, kwa hiyo makalio yanarudi nyuma. Nikisema hivyo sihitaji kueleza tena. Ikitokea mtu amesimama katikati ya mlima na mashine inarudi nyuma, uzito wake ubaki upande wa juu na akamate breki ya mbele taratibu. Ya nyuma akiikamata ghafla huku anarudi, pua itanyanyuka. Ikisimama, afunge breki ya kuegeshea, kisha atoke upande wa juu. Chini ya mashine hapana.

"Hai-senta" ni pale kwadi inapokaa juu ya kitu kwa tumbo lake, magurudumu yakaning'inia au yakagusa kidogo tu, ikawa haiendi mbele wala nyuma. Mimi nasema imelalia tumbo. Utakutana nayo zaidi kwenye njia za matrekta ya miwa, kwa sababu trekta likipita kwenye tope huacha mifereji miwili mirefu na tuta katikati, na siku jua likiwaka lile tuta linakuwa gumu kama tofali. Mgeni akiingiza magurudumu kwenye mifereji, tumbo linapanda tuta. Kitu cha kwanza atakachofanya ni kumpa zote, na hapo magurudumu yatachimba na tumbo litakaa vizuri zaidi. Mzimishe. Inua upande mmoja, pachika mawe au magogo chini ya tairi, geukia upande wa pili, ndipo umwambie aende kwa mafuta kidogo sana. Angalia pia lile bamba la chuma la tumboni, ambalo wageni huliita "skidi". Kazi yake ni kuzuia jiwe lisitoboe injini, na likilegea bolti moja tu hukusanya majani makavu, yakakaa karibu na ekzosi yenye moto. Nimeshazima moto wa namna hiyo kwa maji ya kunywa ya wageni.

Sasa "rusti". Hilo ni neno dogo ambalo kwetu ni zito. Ni udongo na mawe yanayorushwa na matairi ya nyuma mtu anapompa zote. Kwa wao ni jambo la kujivunia. Kumrushia mwenzako rusti ni kumwambia yuko nyuma, ale vumbi. Katika uwanja wao uliozungushiwa uzio sina neno. Lakini njia zako zinapita uani kwa watu. Nilisimama siku moja Budondo kungoja mgeni aliyechelewa, mbele ya nyumba ambayo mama alikuwa ameanika mihogo iliyokatwa juu ya turubai. Mihogo myeupe. Kwadi 3 za kundi jingine zikapita kwa kasi, vumbi jekundu likapanda, likashuka. Yule mama hakusema kitu. Alichuchumaa, akaanza kuokota kipande kimoja kimoja, anakipuliza, anakifuta kwa khanga, anakiweka upande. Alikuwa bado anafuta tulipoondoka. Tangu hapo, tukikaribia nyumba, naonyesha kiganja chini na kusema "Pole pole", na kwa wageni wa Kampala "mpola mpola". Kahawa, mahindi, mukene (dagaa), vyote huanikwa kando ya njia zile. Mgeni akikuuliza mbona tunapunguza hapa na njia imenyooka, mwonyeshe turubai.

Mengine ni mepesi. "Wupsi" ni matuta yanayofuatana kama mawimbi, makubwa kuliko yale mawimbi madogo ya murram yanayotetemesha meno. Yapite ukiwa umesimama, magoti yamelegea. "Bemu" ni ukingo wa udongo ulioinuka nje ya kona, unaokushikilia usitoke. "Holishoti" ni kufika wa kwanza kwenye kona ya kwanza baada ya mashindano kuanza, na wewe huendeshi mashindano, kwa hiyo ukilisikia kwa wageni wako jua wamepanga kufukuzana na uwatenganishe. "Brapu" ni sauti ya injini tu, kama watoto wanavyosema vruum. Wakisalimiana hivyo wamefurahi.

"Thampa" ni injini ya silinda moja ya mipigo 4 (four-stroke), iliyopewa jina kwa mdundo wake mzito. Boxer yako ni thampa mdogo. Kinyume chake ni zile za mipigo 2 (two-stroke), ambazo wazee wa mchezo huziita za moshi, kwa kuwa huchoma oili pamoja na petroli. Ukikutana na mgeni wa makamo anayeitaja Yamaha Banshee macho yakimng'aa, ni hiyo: silinda 2, mipigo 2, ilianza kuuzwa mwaka 1987, na watu wake wanaipenda mpaka leo. Mwache aeleze, utajifunza.

"Swipi" ni mwongozaji wa mwisho, anayehakikisha hakuna aliyebaki. Mimi namwita mkia, na yule wa mbele kichwa. Sheria yangu ni kwamba kila mgeni anamlinda wa nyuma yake: akifika njia panda anasubiri mpaka amwone. Kichwa asipoona mkia, msafara wote unasimama. Kama mna kichwa bila mkia, kwa maoni yangu msitoke.

Nakuja kwa jambo ambalo hukuliuliza, nalo linanihangaisha zaidi kwa mtu aliyetoka kwenye boda. Maneno ya stejini yatakudanganya, na utawadanganya nayo wageni.

Kwenye boda tunasema "lala nayo" ukiingia kona, maana mtu na mashine hulala pamoja. Kwadi hailali. Ina magurudumu 4 chini na inabaki bapa, na katika kona nguvu inaisukuma ipinduke kwa nje. Tena, kwadi nyingi za michezo hazina difu nyuma, yaani gia za kuruhusu magurudumu mawili yapishane mwendo kwenye kona. Eksili ni moja, magurudumu mawili yanazunguka kwa mwendo uleule, kwa hiyo mashine inataka kwenda moja kwa moja hata ukikata usukani. Kinachoipindisha ni wewe kuhama kwenye kiti kwenda upande wa ndani wa kona, hasa mashine ikikataa. Nasema "Hamia!" na kuonyesha upande. Kiti kirefu kile kimewekwa kwa ajili hiyo ya kuhamahama, hakikuwekwa kwa abiria. Mgeni akiomba ambebe mchumba wake nyuma, au baba ambebe mtoto, kataa. Ile tabia ya kupakia abiria wengi kwenye piki moja, wenzetu Tanzania wanayoiita mishikaki, haina nafasi kwenye kwadi ya mtu mmoja, kwa sababu dereva hana pa kuhamia. Na mtoto asikalishwe kwenye kwadi ya mkubwa: kibandiko kilichobandikwa na mtengenezaji kwenye mashine kubwa kinasema miaka 16 na kuendelea.

La pili, mguu. Boda ikiteleza kwenye tope unashusha mguu, na umefanya hivyo miaka 3 bila kufikiri. Kwenye kwadi, tairi la nyuma liko hapohapo nyuma ya mguu wako. Ukiushusha, tairi linaupanda na kukuvuta chini. Wageni huweka vyuma na nyavu kati ya kikanyagio na tairi, wanaviita "nafu", na vinasaidia, lakini amri ibaki "Miguu juu!" Wewe mwenyewe utahitaji wiki kadhaa kuifundisha miguu yako.

La tatu, mkono wa kushoto. Kwenye Boxer ni klachi. Kwenye kwadi nyingi za kazi hakuna klachi, na kishikio hicho ni breki. Ukishtuka ukakivuta ukidhani unakata nguvu ya injini, utakuwa umefunga breki katikati ya kona. Kila asubuhi kabla hujawasha, kaa juu ya mashine utakayopanda, vuta kila kishikio na useme kwa sauti ni cha nini.

Kuna na upepo. Hili limeniharibia siku nyingi. Vijana wa kujaza upepo barabarani wamezoea boda, wakiona tairi la kwadi limelegea wanalijaza pondi 30. Tairi la kwadi hukaa kati ya pondi 3 na 7 hivi, kutegemea mashine, soma kibandiko. Likijazwa kupita hapo kwadi inadunda kama mpira na inashindwa kushika njia. Nunua geji ya upepo mdogo, maana geji ya boda haiwezi kusoma pondi 5 vizuri. Na pande mbili ziwe sawa, la sivyo mashine itavuta upande mmoja mchana kutwa na mgeni atadhani yeye ndiye mbaya.

Mvua za Machi mpaka Mei na za Septemba mpaka Novemba zitakuletea neno jingine, "hidroloku". Fundi yeyote wa Kampala atakuambia injini imekunywa maji, na hilo linatosha. Kwadi ikizimika mtoni, usipige stata hata mara moja, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa na utapinda koni rodi. Isukume nje, fungua plagi, ndipo uizungushe itapike maji. Kisha tazama oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe siku hiyo, ikabadilishwe oili kwanza. Zile zenye belti nazo zikilowa hunguruma bila kwenda; zipe muda zikauke, usizilazimishe, belti itaungua na harufu yake hutaisahau.

Kuhusu wageni wasiojua Kiswahili, wafundishe maneno yako 5 hayohayo: Breki, Toka, Achia gumba, Hamia, Miguu juu. Usiwatafsirie uwanjani. Neno geni lisilo na maana nyingine kichwani mwao linashika haraka kuliko unavyodhani, na wewe unakuwa na lugha moja ya hatari kwa msafara mzima, wa Nairobi na wa Ulaya pamoja. Kabla ya kutoka, wapange juu ya mashine zilizozimwa, helmeti zimefungwa, gumba kwenye kibonyezo. Simama nyuma yao wasikuone. Piga kelele "Achia gumba!" utazame mikono. Rudia, uchanganye na mengine, bila mpangilio. Mara ya kwanza wawili watageuka kukuangalia na mmoja atacheka. Endelea mpaka magumba yote yatoke pamoja kabla hujamaliza neno, ndipo uwaambie wawashe.